Mikono Yetu Kwenye Ile Picha

Picha ile niliiona kwanza kwenye simu ya mume wangu. Nilikuwa uani ninamponda pweza juu ya jiwe ili alainike, naye akatoka ndani ameishika simu mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai.

"Njoo ujitazame," akasema. "Umeingia siasa bila ya kuniaga."

Nilijifuta mikono nikatazama. Ni sisi wanakijiji, tumekaa chini ya hema kwenye uwanja wa shule, siku ya baraza. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Na sote, karibu sote, tumeinua mikono. Mimi niko mbele mbele na leso yangu ya manjano, siwezi kusema si mimi. Juu ya picha pameandikwa: Wananchi waunga mkono mradi wa ufukweni.

Niliyarudia yale maneno, kwa sababu kusoma kwangu kuliishia darasa la saba na huwa ninajishuku. Yalikuwa yale yale.

"Hatukuunga mkono," nikamwambia. "Ile ilikuwa dua."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Basi dua yenu imekubaliwa haraka!"

Mimi sikucheka.

Kwa asiyekuwapo, mambo yalikuwa hivi. Kuna ploti kubwa kati ya kijiji chetu na bahari, huku kwetu baada ya kuipita Diani unapoelekea Msambweni. Kwa miaka mingi ilikuwa kichaka tu, na njia yetu ya kwendea mwambani ikipita ubavuni mwake. Njia hiyo ndiyo tunayoishika sisi wanawake maji yakipwa, kila mmoja na ndoo yake na kijiti cha kuchokolea pweza. Sasa mwenye ploti anataka kujenga nyumba za wageni na kuzungusha ukuta. Katika baraza lile afisa wa serikali aliyeteremka kutoka mlimani Kwale alituambia njia haitafungwa. Alilikazia sana neno hilo. "Haifungwi, mama zangu. Inahamishwa."

Njia mpya itauzunguka ukuta wote, ipite kwenye mawe ya upande wa mikoko, ndipo iteremke pwani. Kwa mtu anayekwenda kuogelea hakuna neno, atatembea. Lakini pweza haokotwi wakati wowote. Maji yakipwa yanatupa nafasi ndogo, na ukiipoteza njiani unaufikia mwamba wakati bahari inarudi kuufunika. Hapo utasimama ufuoni na ndoo tupu. Nyumbani kwangu pweza ndiye unga, ndiye sukari, ndiye sare ya shule ya wajukuu.

Swali nilikuwa nalo siku ile. Nilitaka kuuliza kama yule afisa amewahi kuitembea hiyo njia mpya maji yakiwa yamepwa. Lakini alizungumza kwa urefu, akaja mwingine akazungumza, na adhuhuri ikakaribia. Afisa akauliza, "Kuna swali?" huku watu wameshaanza kuvitafuta viatu. Sisemi kwamba alitunyima. Aliuliza. Ni kwamba aliuliza wakati ambao anayesimama ataonekana anawachelewesha watu kuswali. Nikakaa.

Ndipo ustadhi wa madrasa akaombwa afunge kwa dua. Kwetu hakuna mkutano unaoisha bila ya dua. Hata waliokuja kugombana, ustadhi akiinua mikono wataiinua yao, viganja vikitazama uso, na kuitikia amina. Kulikuwa na kijana mpiga picha aliyekuja na wale maafisa, akasimama mbele yetu akapiga. Niliuona ule mwanga wa kamera. Sikuwaza lolote.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikusudia. Alionekana mtu wa bara, na huenda kwao mikono ikiinuka mkutanoni huwa ni kura. Huenda pia alijua vizuri sana. Huenda yeye alipiga tu, na maneno yakaandikwa na mwingine ambaye hajawahi kufika kwetu. Sitaki kumtwisha mtu mzigo nisioujua uzito wake.

Mume wangu hana shida kama hizi. Alikuwa mpishi wa hoteli Diani tangu ujana mpaka magoti yakamkataa, na anasema jikoni kulimfunza yote. "Wa serikali nimewapikia, wa upinzani nimewapikia," husema. "Mchana wanatukanana kwenye redio. Usiku wanapeana chumvi meza moja. Wewe unataka kuuliza swali? Uliza pweza, atakujibu."

Simbishii akisema hivyo, kwa sababu jikoni alikuwapo yeye, mimi sikuwapo. Ila nimeona kwamba maneno yake humpa usingizi mzuri. Mimi ndiye ninayekesha.

Huenda ningenyamaza, na ningejiambia kuwa picha ni picha. Aliyenitoa ndani ni jirani yangu.

Jirani huyu ni mama wa bara, Mkristo, alikuja na mumewe aliyekuwa askari wa lango katika hoteli moja, na mume alipofariki yeye akabaki. Anauza chai na chapati kando ya barabara inayoingia kwenye ile ploti, na wateja wake wakubwa ni vijana wanaochimba msingi. Alikuja kwangu asubuhi akiwa na chapati zimefungwa kwenye gazeti, nyingi, na nikajua hazikununuliwa.

"Hodi, mama."

"Karibu. Mbona umekuja na duka zima?"

"Mama, wamenigomea." Akakaa kwenye kigoda. "Eti mimi ni mpinzani. Umeona hiyo picha? Angalia vizuri. Watu wote mikono juu. Mimi niko hapa, kichwa chini, mikono kwa magoti."

Nilitazama kwenye simu yake. Kweli. Katikati ya mikono yetu kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo yumo yeye, ameinamisha kichwa na kufumba macho.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Si nilikuwa naomba! Sisi tunaombanga hivyo. Sasa vijana wananipita wananiambia, 'Mbara wewe, umekuja juzi na unatupinga? Chapati zako mpelekee huyo mwanasheria wako wa kusimamisha ujenzi.' Mwanasheria nitatoa wapi, mama? Mimi huo mradi nautaka! Wageni wakija watakula wapi kama si kwangu?"

Nilijitahidi nisicheke, yeye mwenyewe akaanza, tukacheka wote wawili mpaka macho yakatoka machozi. Katika baraza zima, yule mmoja aliyeutaka mradi kwa moyo wake ndiye aliyehesabiwa kuupinga. Sisi tulioihofia njia yetu tumehesabiwa kuwa radhi. Kisha akaacha kucheka.

"Waambie, mama. Wewe watakuskia. Wewe ni wa hapa."

Neno hilo lilinikaa vibaya. Niliona haya kwamba kuzaliwa hapa kumenipa sauti ambayo yeye hana, na kwamba nilikuwa nimeiweka tu kabatini. Nilimwambia nitajaribu. Alipoondoka nilijuta kusema hivyo.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa naibu chifu. Nilivaa buibui langu zuri na njiani nikawa ninayapanga maneno, ninayapangua. Nilimwogopa, lakini si kwa ubaya wake. Ni mtu aliyemsaidia mwanangu kupata cheti cha kuzaliwa kilichokuwa kimekwama, na hakututaka chochote. Basi kumwendea na lawama niliona kama kumrudishia fadhila kwa teke.

"Shikamoo, baba." Ni mdogo kwangu, lakini kiti kina heshima yake.

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Kuna nini?"

Nikamweleza habari ya picha, ya dua, ya jirani yangu. Alisikiliza akiichezea kalamu. Nilipomaliza alitazama mlangoni kwanza.

"Hilo mimi niliona," akasema. "Nilikuwapo. Na mimi niliinua mikono."

"Basi uliwaambia?"

"Mama, mimi ni wa kuagizwa. Nikiwaambia wakubwa kwamba picha yao ni ya dua, wataniuliza baraza nililiendesha vipi mpaka hakuna aliyesema chochote." Akaishusha sauti. "Alhamisi afisa anarudi kusoma majibu ya wakubwa wake kuhusu mradi. Nitahakikisha swali linachukuliwa mapema, kabla ya maneno mengi. Hilo ninaweza. Lakini kusema utasema wewe. Usiseme mimi nimekutuma."

"Na nikisema, nitaharibikiwa?"

Alifikiri. Nilimshukuru kwa kufikiri, maana angeweza kunituliza kwa uongo. "Sijui, mama," akasema.

Kutoka hapo mpaka Alhamisi nilikuwa na hilo tu. Nilikuwa nikikoroga uji na swali langu likizunguka na mwiko. Nikilisema hivi, nitaonekana mchochezi. Nikilisema vile, halitaeleweka. Na mimi ni nani hasa? Wako watu waliosoma pale kijijini, walimu, karani wa mahakama aliyestaafu. Kama kweli jambo lina kosa, mbona wao wamenyamaza? Au wamenyamaza wakiniwazia mimi hivyo hivyo, kwamba kama lina kosa yule mama wa pweza angesema?

Mume wangu aliniona. "Usiende," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Utasema, watakupigia makofi, na ukuta utajengwa. Bora ujengwe bila ya wewe kuaibika."

"Na wewe utakuja?"

"Mimi nikafanye nini?"

Hakuja. Sijamlaumu. Mtu aliyeona jikoni huenda kweli hana hamu tena ya mezani.

Alhamisi hema lilikuwa lile lile. Naibu chifu alitimiza alilosema. Afisa alipokwisha kusalimu, yeye akasimama akasema, "Bwana mkubwa, kabla ya majibu, kuna wenye maswali tangu siku ile." Kisha akaketi na kuyatazama mawingu kama mtu ambaye hahusiki.

Nilisimama.

"Assalaam aleikum. Mimi nina swali dogo. Ile picha iliyotolewa, tumeinua mikono. Nilitaka kuuliza, ile mikono mliihesabu kuwa ni ya nini?"

"Ni ya kukubali, mama," afisa akasema kwa upole. "Si mliinua wenyewe?"

"Tuliinua kwa dua. Ustadhi yuko hapa, muulize kama alikuwa anapigisha kura."

Watu walicheka kwa nguvu, na mimi nikaogopa zaidi, maana sikuwa ninatania. Ustadhi alisimama bila ya kuitwa. Uso umemkunjamana. "Mimi nilikuwa ninaomba mvua na afya," akasema. "Sikumwomba Mwenyezi Mungu nyumba za wageni."

Nikaendelea kabla sijaishiwa pumzi. Nikasema mama fulani hakuinua mikono kwa kuwa yeye huomba kwa namna nyingine, na si haki kumgomea chapati zake. Vijana wa msingi waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana. "Haya basi, kesho chai juu yako wewe!" mmoja akamwambia mwenziwe, na jirani yangu akawajibu kwa sauti, "Na mkuje na pesa za juzi pia!" Kidogo mkutano ukawa harusi.

Ndipo nikauliza lile la njia. Kama kuna aliyeitembea ile mpya maji yakipwa, na kama akifika mwambani ataukuta mwamba au ataikuta bahari.

Afisa alizifunga karatasi zake. Nitamsema kwa haki: hakunikemea, wala hakunitupia maneno makubwa. Aliwanong'oneza wenziwe, kisha akasema, "Sijaitembea, mama. Na la picha, kama kuna kosa tulirekebishe hapa hapa. Hakuna dua sasa. Wanaopinga njia kuhamishwa, inueni mikono nihesabu."

Nami nikainua. Nilikuwa na uhakika. Wanawake niliokuwa nao mwambani miaka yote, walioapa kisimani kwamba watalala mbele ya tingatinga, walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nilisubiri nisikie mabuibui yakichakarika.

Sikusikia kitu. Niligeuka. Ustadhi ameinua wake. Na bibi mmoja mzee kwenye kona, asiyesikia vizuri, ambaye huenda alidhani tumefika kwenye dua. Basi. Wengine wanatazama miguu yao.

"Wanaokubali?" afisa akauliza.

Jirani yangu aliinua mkono wake moja kwa moja, bila ya kuona haya, akaniangalia usoni kama anayeniomba radhi na hapo hapo hataki kuushusha. Vijana wa msingi wakafuata, na wengine wachache. Walio wengi hawakuinua kwa hili wala kwa lile.

"Na ninyi wengine?" afisa akauliza, na nadhani alitaka kujua kweli.

"Sisi tupo tu," mtu mmoja akasema.

Afisa akasema ataandika alivyoona, na kwamba kabla ya ukuta kufika upande wa njia atamtuma mtu aje atembee na sisi maji yakipwa. Nilikaa. Sikumbuki majibu yake mengine. Nilichokuwa nikiwaza ni kwamba sisi tulikuwa tukilalamika kuwa picha imetusingizia, na huenda haikutusingizia sana. Ilituonyesha tumekubali. Tulipoulizwa kwa haki, hatukukataa.

Nyumbani mume wangu aliuliza imekwendaje. Nilimweleza yote, hata ile mikono michache, nikijua atasema nilikwambia. Hakusema. Alinimiminia chai, jambo ambalo halifanyi, akarudi kwenye redio yake.

Bamvua lilipofika, siku zile maji yanapokupwa mbali sana, tulikwenda mwambani kama kawaida. Njia ilikuwa bado, ila vigingi vilikuwa vimeshasimamishwa na kamba nyeupe kupitishwa. Tulizivuka tukiwa tumebeba ndoo kichwani, hakuna anayezungumza. Mbele yangu alikuwa mwenzangu tuliyeanza naye kazi hii tukiwa wasichana.

"Ulisema vizuri siku ile," akasema bila ya kugeuka.

"Vizuri? Na mkono wako ulikuwa wapi?"

"Usinifokee. Mwanangu anachanganya saruji pale. Ulitaka niinue mkono naye ananitazama?"

"Ungeniambia! Kisimani uliapa."

Sasa aligeuka. "Kisimani kila mtu huapa. Wewe ulikwenda kwa naibu chifu, ulikwenda kwa afisa, umewauliza wakubwa wote. Sisi ulituuliza lini? Ulikuja kwangu hata siku moja ukaniambia, wewe unataka nini, unaogopa nini? Ulijua tu mwenyewe kwamba tuko nyuma yako."

Nilisimama na maji ya kidimbwi yakiwa vifundoni. Nilikuwa nimekesha siku zote zile nikiwaza uso wa afisa, na haikunijia hata mara moja kuwaza uso wake yeye.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema.

"Sasa maji hayangoji. Twende, niulize tukirudi."

Tuliporudi nilimwuliza, tukiwa tumekaa kwenye mchanga ndoo zetu kando, kisha nikawauliza na wengine, mmoja baada ya mwingine. Majibu mengine hayakunifurahisha. Mmoja alisema njia mpya itapita mlangoni kwake na ataweza kuuza madafu. Mwingine alisema yeye amechoka na pweza, mgongo umekwisha, na anatamani mtu amfungie tu aache. Mwenzangu alisema mwanawe ameahidiwa kazi mpaka paa lipigwe, na baada ya hapo yeye ataipinga hiyo njia kwa nguvu zake zote. Nikamwambia baada ya paa kutakuwa na ukuta. Akasema anajua.

Nimeyachukua yote, hata yale yanayonipinga. Mtu wa kutembea na sisi hajaletwa. Naibu chifu anasema atakuja, na ninaamini anaamini hivyo. Kila asubuhi nikifungua mlango husikiliza kwanza upande wa ploti, na nikisikia nyundo ninashindwa kujua kama wanapigilia paa au wameshaufikia upande wetu. Jana sikuweza kukaa. Nilichukua leso nikaenda mpaka kwenye kamba, nikamwita fundi wa karibu, nikamuuliza anajenga nini.

"Choo, mama," akasema.

Nikamuuliza na kesho watajenga nini. Akaweka nyundo chini ili anieleze.